Una wazo la biashara Sindo? Kabla ya kulipia apu, lijaribu kwa simu uliyo nayo

TUSEME wewe ni kijana wa Sindo, kaunti ya Homa Bay. Umemaliza masomo Tom Mboya au Maseno, kazi haijapatikana, umerudi nyumbani. Kila asubuhi unaona mambo yale yale ufuoni. Mashua zinarudi na omena ya usiku, akina mama wananunua, wanaanika, wanageuza, na jua likianza kushuka wanakusanya. Mnunuzi akija kutoka Kisumu au Nairobi, yeye ndiye anayetaja bei. Asipokuja, omena inakaa. Na mvua ikinyesha kabla haijakauka, mzigo unaishia kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Basi siku moja wazo linakujia: mbona pasiwe na apu ya kumuunganisha mama wa Sindo na mnunuzi wa Gikomba?

Wazo lenyewe si baya. Shida huanza hatua inayofuata. Wengi wetu tukipata wazo kama hili, jambo la kwanza ni kumtafuta mtu wa kutuundia apu. Unampata jamaa mmoja Nairobi, anakutajia bei, unamkopa mjomba, unauza mbuzi wawili, pengo lililobaki unaliziba kwa mkopo wa simu. Miezi sita baadaye una apu yenye nembo maridadi na watu 12 walioipakua, wanane kati yao binamu zako. Mjomba naye anauliza pesa zake.

Makala haya yanataka kukuepusha na hasara hiyo. Vyombo vya kutengeneza bidhaa ya kwanza kwa haraka vipo. Vingi ni vya bure, na vingine tayari viko kwenye simu yako. Ila chombo hakitakufaa kitu kama hujui unakitumia kutafuta jibu la swali gani.

Bidhaa ya kwanza ni swali

Mwaka 2011, Mmarekani Eric Ries alitoa kitabu The Lean Startup, kilichosambaza duniani kote fikra moja rahisi: usijenge kila kitu kwanza ndipo uwaulize watu kama wanakitaka. Jenga kidogo, wape watu wakitumie, tazama wanachofanya, kisha rekebisha. Lakini sisi Wakenya tulikuwa tumeyaona haya kwa macho kabla ya kitabu hicho kuchapishwa.

Chukua M-Pesa. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio madogo pamoja na shirika la mikopo la Faulu Kenya. Hawakuanza na nchi nzima. Walianza na wateja wasiofika 500, Thika na sehemu za Nairobi. Na lengo halikuwa kutumiana pesa. Walitaka mteja aliyechukua mkopo mdogo aweze kuulipa kwa simu.

Watu walipoanza kuutumia mpango huo, wakafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Walitumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwenye simu kabla ya kuanza safari ili wasiibiwe njiani. Waliokuwa wakisimamia majaribio wakatazama, wakaelewa. Upande wa mikopo ukawekwa kando, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Yaliyofuata unayajua.

Hebu fikiria wangejenga mfumo mkubwa wa kulipa mikopo, nchi nzima, bila majaribio. Wangekuwa wamejenga vizuri sana kitu kisicho sahihi.

Mifano mingine ipo. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipochacha, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliunda Ushahidi kwa siku chache tu. Ilikuwa ramani rahisi ambayo mwananchi aliweza kuitumia kuripoti kilichotokea alipo. Mwaka 2010, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walishinda Sh1 milioni katika shindano la IPO48 jijini Nairobi. Muda waliopewa ulikuwa saa 48. Wazo lao, M-Farm, lilimpa mkulima bei za soko kwa SMS, maana mkulima waliyemlenga alikuwa na simu ya kawaida.

Karibu na kwetu zaidi, mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls walifika hadi Marekani na apu yao i-Cut, ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Apu yenyewe ilikuwa na vitufe vitano tu. Havikuwa hamsini.

Andika swali kabla ya kuchagua chombo

Turudi kwa omena yako. Chukua karatasi, andika mambo yote ambayo lazima yawe kweli ili biashara yako isimame. Huenda ukapata haya:

Kwanza, akina mama wa Sindo wako tayari kukuuzia wewe badala ya mnunuzi waliyemzoea, ambaye huenda pia huwakopesha siku mbaya.

Pili, mnunuzi wa mbali yuko tayari kulipia omena ambayo hajaishika kwa mkono wala kuionja.

Tatu, mzigo unaweza kutoka Sindo ukafika sokoni kwa nauli inayoacha faida.

Nne, watu watatumia apu.

Sasa jiulize: kati ya haya manne, lipi likiwa uongo litaua biashara yote? Si la nne. Ni la pili. Yeyote anayenunua omena anajua hofu kubwa ni mchanga na unyevu. Omena iliyoanikwa chini haiwi sawa na iliyoanikwa juu ya wavu au kitanda cha miti. Mnunuzi huja mwenyewe hadi ufuoni kwa sababu anataka kuingiza mkono guniani. Ukimwambia atume pesa kwanza, unamwomba akuamini. Apu haiwezi kumaliza shida hiyo, hata iwe na rangi nzuri namna gani.

Kwa hivyo swali la bidhaa yako ya kwanza ni moja: je, kuna mnunuzi atakayetuma nusu ya pesa kwa omena ya Sindo ambayo hajaiona, na akishaipokea, ataagiza tena? Hilo tu. Vyombo vyote vinavyofuata utavipima kwa swali hilo.

Ngazi ya kwanza: WhatsApp, M-Pesa na daftari

Pakua WhatsApp Business. Ni bure, na unaweza kuisajili kwa laini tofauti na ile ya kupiga gumzo na marafiki. Ina mambo matatu yatakayokufaa mara moja. Kuna katalogi, ambapo unaweka picha ya bidhaa, maelezo na bei. Kuna majibu ya haraka, ili usiandike jambo lile lile mara 30 kwa siku. Na kuna lebo za kuwapanga wateja: huyu ameuliza, huyu amelipa, huyu ametumiwa mzigo.

Jua pia mipaka yake. Orodha ya matangazo huchukua watu 256, na ujumbe hufika tu kwa yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hivyo ukikutana na mnunuzi, usimpe namba tu. Mwombe aihifadhi mkiwa bado mnaongea.

Upande wa pesa, fungua Pochi la Biashara au chukua till ya Lipa na M-Pesa. Faida kubwa ni kutenganisha pesa za biashara na zako za matumizi. Vijana wengi hupoteza biashara hapa: pesa zote zinaingia laini moja, jioni umenunua chapati na bando, mwisho wa wiki hujui kama ulipata faida au ulikula mtaji.

Ujumbe wako wa kwanza uwe mfupi na wa heshima. Mfano: "Habari ya asubuhi, mama. Leo tuna omena ya Sindo, imeanikwa juu ya wavu, imekauka, haina mchanga. Magunia manne. Video hii imepigwa sasa hivi. Ukituma nusu kabla ya saa sita, mzigo unapanda gari leo jioni."

Ona hiyo video. Onyesha mkono ukiingia guniani, ukishika omena ya chini kabisa, si ya juu pekee. Dakika moja ya video ya kweli itajibu swali lako la imani kuliko kurasa kumi za apu.

Daftari nalo usilidharau. Siku ya kwanza hadi ya saba, andika kwa kalamu: nani aliuliza, aliuliza nini, alilipa au hakulipa, na kama hakulipa alitoa sababu gani. Utashangaa. Unaweza kudhani watu watauliza bei, kumbe wanauliza kama omena ni ya jana au ya juzi.

Ngazi ya pili: fomu na lahajedwali

Maagizo yakianza kukupita kichwani, panda ngazi. Google Forms hukuwezesha kutengeneza fomu ya maagizo kwa nusu saa: jina, soko, idadi ya magunia, siku ya kutumiwa. Kila mtu akijaza, majibu yanajipanga yenyewe kwenye lahajedwali la Google Sheets. Hapo unaona kwa mara moja magunia mangapi yanahitajika Alhamisi.

Lakini usimlazimishe mama samaki ajaze fomu. Fomu ni yako. Yeye akupigie, wewe ujaze. Hii ni mbinu ya watu wengi wanaoanza: mteja anaona huduma inafanya kazi, kumbe nyuma ya pazia ni wewe na kalamu yako. Haina aibu yoyote. Unajifunza kazi kabla ya kuifundisha mashine.

Ukienda fuo ambazo mtandao husuasua, tafuta KoboToolbox. Mashirika mengi hukitumia kukusanya data mashinani. Unajaza kwenye simu bila intaneti, ukifika penye mtandao inatuma. Ukitaka kujua kila asubuhi omena imetua kiasi gani ufuo huu na ule, hiki ni chombo chako.

Ngazi ya tatu: apu bila kuandika programu

Sasa ndipo tunapofika kwa apu, na bado hujamlipa mtu. AppSheet, ambayo Google iliinunua mwaka 2020, huchukua lahajedwali lako na kuligeuza apu. Safu zako zinakuwa orodha, picha zinakuwa picha, na unaweza kuweka kitufe cha "mzigo umetoka". Inaweza kufanya kazi bila mtandao na kusawazisha baadaye. Glide hufanya kazi kama hiyo, na mwonekano wake hupendeza, ingawa hutegemea zaidi intaneti. Vyote viwili hukuruhusu kujaribu bure ukiwa na watumiaji wachache.

MIT App Inventor ni cha wanaotaka kujifunza. Unaburuta vipande kama vya kuchezea na kuviunganisha mpaka apu ya Android itokee. Wanafunzi wa sekondari hukitumia, kwa hivyo usikiogope.

Halafu kuna akili unde. Siku hizi unaweza kuieleza ChatGPT au Claude unachotaka kwa Kiswahili, ikakuandikia programu. Vyombo kama Replit na Lovable hukujengea tovuti nzima ukiwa unaongea nacho tu. Ni haraka mno, na hapo ndipo pa kujihadhari. Kitu kilichojengwa kwa saa mbili kinaweza kuwa na mlango wazi ambao wewe huuoni: namba za wateja zinasomeka na kila mtu, au malipo yanaonyesha yamepita kumbe hayajapita. Kitumie kuonyesha wazo na kupima watu. Siku utakapoanza kushika pesa za wengine humo, mtafute anayejua akikague.

Jambo jingine: usikimbilie kuweka apu kwenye Play Store. Google hutoza Dola 25 mara moja kumsajili mtengenezaji, na hiyo si pesa nyingi. Gharama halisi ni ya mteja. Lazima awe na simu ya kisasa, nafasi kwenye simu, bando la kupakua, na sababu ya kutoifuta kesho yake. Kiungo cha kawaida unachomtumia kwa WhatsApp kinaruka vikwazo hivyo vyote.

Ngazi ya nne: usimsahau mwenye kabambe

Wengi wa wale unaotaka kuwahudumia ufuoni hubeba kabambe, ile simu ya vitufe inayokaa na chaji siku nne na ambayo ikianguka majini mtu halii sana. Mwenye simu hiyo hawezi kufungua apu yako. Anaweza kupiga, kusoma SMS, na kubonyeza nyota, namba, kisha reli.

Hili si jambo geni ziwani. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iliwahi kuanzisha huduma ya kuwapa wavuvi na wachuuzi wa Ziwa Victoria bei za samaki katika fuo na masoko kwa SMS. Na Su Kahumbu alipoanzisha iCow kuwasaidia wafugaji, alitumia simu za kawaida vivyo hivyo.

Chombo cha kujaribia hapa ni Africa's Talking, kampuni iliyozaliwa Nairobi. Ina uwanja wa majaribio wa bure, wenye simu ya kuigiza kwenye skrini, ambapo unaweza kutengeneza menyu ya USSD au kutuma SMS za mfano bila kulipa. Safaricom nayo ina Daraja, mlango wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, na pia ina sehemu ya kujaribia bila pesa halisi. Hapa utahitaji rafiki anayejua kuandika programu kidogo. Ukitoka kwenye majaribio kuingia kazini, gharama huanza: kila SMS ina bei yake, na msimbo wa USSD hulipiwa. Kutumia msimbo mmoja pamoja na wengine ni nafuu kuliko kumiliki wako peke yako.

Na ujumbe uandike kwa lugha ya ufuoni. Kama mama anaongea Dholuo na wewe, kwa nini simu yake imwandikie Kiingereza?

Jaribu mwezi mzima, na mwezi wenyewe ni wa mbinguni

Vitabu vingi vitakwambia majaribio ya wiki mbili yanatosha. Nairobi labda. Sindo hapana.

Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haziwavuti samaki kama usiku wa giza, na mashua nyingi hupumzika. Ukianza majaribio yako giza likiwa zito, utadhani omena haiishi na utawaahidi wanunuzi mzigo kila siku. Wiki mbili baadaye mwezi unang'aa, ufuo ni mtupu, na wateja uliowatafuta kwa jasho wanakuita mwongo. Kwa hivyo jaribu wiki nne kamili, uone giza na mbalamwezi. Tazama pia kalenda: kati ya Aprili na Julai kuna msimu wa kufunga uvuvi wa omena ili wazaane. Ukianza mwishoni mwa Machi utakuwa umejaribu kuuza kitu kisichokuwepo.

Wiki ya kwanza, usiuze kitu. Nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya ufuo, ile BMU, umsalimie na umweleze unachofanya. Kaa na akina mama wanapoanika. Tafuta kundi moja tu la wanaoanika vizuri. Kisha pata namba za wanunuzi kumi, hasa wale wanaokuja Sindo wenyewe, maana hao tayari wanaitaka omena ya hapa.

Wiki ya pili, tuma video kwa hao kumi. Chukua maagizo machache utakayoweza kuyatimiza. Safirisha mzigo mwenyewe ukiweza, ama uufuate kwa simu hatua kwa hatua, uwe unapita Homa Bay mjini au unavuka kwa feri kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno.

Wiki ya tatu na ya nne, angalia nani anarudi. Huyu ndiye shahidi wako. Mtu anaweza kununua mara ya kwanza kwa kukuhurumia au kwa kutaka kujua. Mara ya pili ananunua kwa sababu imemfaa.

Kabla hujaanza, andika namba ya kupita na umwonyeshe rafiki ili usije ukaibadilisha baadaye. Kwa mfano: kati ya wanunuzi kumi, wanne watume nusu ya pesa, na watatu waagize tena. Ikifika hapo, endelea. Isipofika, badilisha kitu kimoja ujaribu tena, ama uachane nalo ukiwa umepoteza bando na nauli tu.

Piga hesabu ya gunia moja

Usiseme "soko ni kubwa". Chukua gunia moja, uandike: bei uliyonunua, gunia lenyewe, kibarua wa kupakia, nauli, makato ya M-Pesa, na kiasi kinachopotea kwa unyevu na kumwagika. Toa hayo kwenye bei uliyouza. Kilichobaki ndicho biashara yako.

Tuseme umebaki na Sh200 kwa gunia, na unasafirisha magunia manne kwa wiki. Hizo ni Sh800. Kama yule jamaa wa Nairobi anataka Sh80,000 kukuundia apu, utahitaji wiki 100 kurudisha pesa hizo. Karibu miaka miwili, na hapo hujala, hujalipa bando, na hujahesabu ile miezi ya kufunga uvuvi. Lakini ukifikisha magunia 40 kwa wiki, deni lile lile linaisha kwa wiki kumi. Hesabu hiyo ndiyo itakayokwambia lini ulipie apu. Kabla ya hapo, daftari lako linatosha.

Usiwaweke watu hatarini

Kuna jambo ambalo vyombo hivi havitakuuliza, lakini wewe lazima ujiulize. Ukanda wetu wa ziwa unajua jaboya, ule mtindo wa baadhi ya wavuvi kudai ngono ili wamuuzie mwanamke samaki. Sasa fikiria umeweka kwenye tovuti majina, picha na namba za simu za wanawake 30, na ufuo wanaofanyia kazi, kila mtu aone. Umedhani unawatangaza. Kumbe pia umewaanika.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka uombe idhini ya mtu kabla ya kuchukua habari zake, umweleze utazitumiaje, na usizitumie kwa jambo lingine. Haijali kama wewe ni benki au kijana mwenye lahajedwali. Weka namba ya biashara moja mbele, yako, na za akina mama zibaki kwako. Funga lahajedwali lako ili lifunguliwe na unaowaruhusu tu. Usichukue namba ya kitambulisho kama huihitaji. Na PIN ya mtu usiiombe kamwe, hata kwa kumsaidia.

Uliza pia swali gumu: bidhaa yako ikifaulu, nani anapata zaidi? Kama mama wa Sindo atauza kwa bei ile ile ya zamani na wewe umejiweka katikati, atakugundua mapema. Ufuo ni mdogo na habari husafiri haraka kuliko mashua.

Sio omena pekee

Nimetumia omena kwa sababu ndiyo inayoonekana zaidi, lakini ngazi hizi nne ni zile zile kwa wazo lolote. Unataka kuwasaidia wenye vizimba vya samaki waagize chakula cha samaki pamoja ili wapate nafuu? Swali ni kama watalipa mapema. Unataka kuwapangia boda boda mizigo ya kutoka Magunga? Swali ni kama mwenye duka atakuamini na bidhaa zake. Unataka kuwafundisha watoto hesabu kwa simu? Swali ni kama mzazi atalipa muhula wa pili. Kila mara, tafuta lile jambo moja ambalo likiwa uongo kila kitu kinaanguka, ulijaribu kwa chombo rahisi kabisa ulicho nacho.

Na ukikwama, huko peke yako. LakeHub mjini Kisumu ni kituo cha vijana wa teknolojia, na chuo kilicho karibu nawe kina wanafunzi wa kompyuta wanaotafuta mradi wa kufanyia mazoezi. Nenda kwao ukiwa na daftari lililojaa majina ya watu waliolipa mara mbili. Atakayekusikiliza atajua mara moja kwamba huongei ndoto.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kumpigia yule jamaa wa Nairobi, andika swali lako kwenye karatasi. Kesho asubuhi teremka ufuoni na simu yako, salimia wakubwa, upige video moja na uitume kwa mtu mmoja. Akikujibu "nitumie namba ya kulipa", umeanza.